Gari la saketi lina namba za Uingereza. Je, Dodoma litapata namba?

SWALI: Mimi ni mwalimu wa fizikia, naishi Nkuhungu, Dodoma. Kaka yangu amefanya kazi Coventry, Uingereza, tangu 2011 na sasa anarudi nyumbani jumla. Anataka kuja na gari lake, Caterham Seven, alilolinunua likiwa vipande na kuliunganisha mwenyewe gerejini kwake mwaka 2014. Halina paa la bati, milango yake ni ya turubai, halina mifuko ya hewa, na mwishoni mwa wiki hulipeleka kwenye viwanja vya mbio. Lakini lina namba za Uingereza na huenda nalo kazini. Fundi jirani yangu anasema hilo ni gari la mashindano, Tanzania haliruhusiwi barabarani. Rafiki wa kaka aliyeko Texas anasema hata Marekani halipiti. Nani anasema kweli, na tufanye nini kabla hajalipia meli?

JIBU: Mwalimu, asante kwa kuuliza mapema. Wengi huniandikia meli ikiwa imeshatia nanga Dar es Salaam, gari liko yadini linahesabiwa siku, na hapo msaada wangu unakuwa mdogo sana. Wewe bado una nafasi ya kupanga.

Kwa kifupi, gari la kaka yako linaweza kupata namba Tanzania, ila namba zake za Uingereza haziji na haki hiyo. Litakaguliwa upya hapa, kwa kanuni za hapa. Na kwa maoni yangu sheria ndiyo sehemu nyepesi ya safari hii. Sehemu nzito ni barabara ya Morogoro kuja Dodoma, nayo nitaifikia.

Kwanza fundi jirani yako. Kauli yake nimeisikia kwa watu wengi: gari limelala chini, magurudumu yako nje ya bodi, basi ni la mashindano, na la mashindano haliruhusiwi. Mkumbushe magari ya rali. Siku za rali Morogoro au Iringa, Subaru na Mitsubishi zenye mabomba ya chuma ndani ya kabini hutoka hatua moja ya mashindano kwenda nyingine kwa kupita barabara hizihizi tunazopita sisi, zikiwa na namba za usajili. Kanuni za rali duniani zinadai hivyo. Kati ya hatua na hatua, gari la rali ni gari kama mengine na trafiki ana haki ya kulisimamisha kama mengine. Upande wa pili, kuna Ferrari FXX ya mwaka 2005, iliyotokana na Enzo, gari la barabarani kabisa. Aliyeinunua FXX alilipa fedha nyingi kuliko mwenye Enzo, lakini hakupewa gari la kuendea dukani. Ni la uwanjani tu. Kwa hiyo umbo haliamui, na mwendo hauamui.

Wewe ni mtu wa fizikia, nikueleze kwa lugha yako. Huwezi kusema kitu kinakwenda kilomita 60 kwa saa bila kutaja kinalinganishwa na nini. Uhalali wa gari barabarani uko vivyo hivyo. Hausemwi peke yake. Unasemwa kwa kutaja nchi gani, tarehe gani, na chasisi namba ngapi. Magari mawili yaliyotoka kiwanda kimoja siku moja yanaweza kuwa na hali mbili tofauti, na gari moja linaweza kubadili hali kwa kuvuka mpaka tu. Ndiyo maana kaka yako, fundi wako na yule rafiki wa Texas wanaweza kubishana usiku kucha, kila mmoja akiwa ameshika kipande cha kweli.

Uingereza ndiko mzizi ulipo. Seven ilianza mwaka 1957 kama Lotus Seven, gari la Colin Chapman, na mwaka 1973 haki za kuitengeneza zikaenda kwa Caterham. Miaka ile ya mwanzo gari zima lilitozwa kodi ya ununuzi ambayo gari lililouzwa vipande halikutozwa, hivyo vijana wa Kiingereza wakanunua masanduku na kuunganisha nyumbani. Kodi ilipobadilika desturi ikabaki. Serikali nayo ikajikuta na maelfu ya magari yaliyoundwa gerejini na watu wasio viwanda, na badala ya kuyapiga marufuku ikaweka mtihani. Tangu 2009 mtihani huo unaitwa IVA. Ni ukaguzi wa gari mojamoja: mkaguzi analiangalia gari hili la kaka yako, siyo mfano wake.

Na mtihani wenyewe una ukali wake. Ukingo wowote wa chuma unaoweza kumkata mpita njia au abiria lazima uwe umeviringwa, ndiyo maana utawaona waunganishaji wakivalisha kila nati kofia ya plastiki na kila ukingo mpira. Eksozi hupimwa sauti, na kikomo ni desibeli 99 kipimo kikiwa nusu mita kutoka kwenye mdomo wa bomba. Mikanda, taa, vioo na matairi viwe na alama ya kuidhinishwa, ile herufi E yenye namba ndani ya duara, ambapo namba inataja nchi iliyoidhinisha: 1 ni Ujerumani, 11 ni Uingereza. Breki hupimwa gurudumu kwa gurudumu. Lakini kuna mambo mtihani huo hauyadai, nayo ndiyo yanayowashangaza watu. Milango ya bati haidaiwi. Paa halidaiwi. Hata kioo cha mbele si lazima: Ariel Atom, linalotengenezwa Crewkerne, huuzwa bila kioo na lina namba halali. Sheria inasema kwamba dereva akitazama njia kupitia kioo, kioo hicho kiwe na wipa na maji ya kuoshea. Asipotazama kupitia kioo, wipa ya nini?

Gari likifaulu mkaguzi hutoa cheti cha idhini, ndipo linaandikishwa na kupewa kadi, ile wanayoiita V5C. Cheti hicho cha 2014 kaka yako akitafute leo. Watu huweka kadi vizuri na kutupa cheti, wakati kwa gari lililoundwa nyumbani cheti ndicho kinachothibitisha kwamba mtu wa serikali alishalipima.

Bara Ulaya wao wana njia mbili. Kiwanda kikubwa hupitisha mfano wa gari mara moja, kisha kila nakala inauzwa kwa idhini hiyohiyo. Kiwanda kidogo kinaruhusiwa kupita kwa masharti mepesi mradi kisizidi idadi fulani kwa mwaka, na kwa magari madogo kiwango cha Umoja wa Ulaya ni 1,500. Mlango huo mdogo ulileta jambo ambalo naona linafundisha sana. Julai 2024 kanuni za kulinda kompyuta za magari dhidi ya wadukuzi zilianza kubana magari yote mapya. Porsche ikasitisha kuuza 718 Boxster na Cayman za kawaida katika Umoja wa Ulaya, maana umeme wake ulikuwa wa zamani. Zilizobaki sokoni ni 718 Cayman GT4 RS na Spyder RS, zile kali zaidi zilizotengenezwa kwa jicho la uwanjani, kwa sababu idadi yake ilikuwa ndogo. Gari la kuendea ofisini likatoka, gari la saketi likabaki. Mtu anayedhani sheria inapima ukali wa gari atashindwa kulieleza hilo.

Ujerumani nayo ina uwanja wa Nürburgring, mzunguko wa kaskazini wenye kilomita 20.8 na kona nyingi kuliko mtu anavyoweza kukariri kwa siku moja. Siku za wageni uwanja huo kisheria ni barabara ya kulipia ya upande mmoja, na sheria za barabarani za Ujerumani zinatumika humo. Ukitaka kuingia lazima gari lako liwe halali barabarani. Agosti 2009 kampuni ya Radical ya Peterborough ilitoa gari lao, SR8 LM, likaendeshwa kwa barabara kutoka Uingereza hadi uwanjani hapo, likazunguka kwa dakika 6 na sekunde 48. Ukiliona lile gari utaapa kwamba limetoroka kwenye mbio za Le Mans. Lakini lilikuwa na namba, taa na honi.

Sasa Texas. Rafiki wa kaka yako amesema nusu. Marekani hakuna mkaguzi wa kupima gari jipya mojamoja kabla ya kuuzwa; mtengenezaji mwenyewe ndiye anayetia sahihi kwamba gari limetimiza viwango vya serikali kuu, vikiwamo vya mifuko ya hewa na vya kugongana, na akidanganya anawajibika. Kiwanda kidogo hakina fedha za kuvunja magari kadhaa ukutani ili kupata data. Lotus Elise iliingia huko mwaka 2004, ikauzwa kwa msamaha wa muda kuhusu mifuko ya hewa ya kisasa, na msamaha ulipokwisha mwaka 2011 mauzo yakakoma. Gari zima lililotengenezwa nje bila sahihi hiyo husubiri miaka 25 ndipo liingie huru. La kaka yako lingeingia 2039. Upo mlango mwembamba tangu 1999 kwa magari adimu yenye thamani ya kihistoria au ya kiteknolojia, nalo huruhusiwa kuendeshwa maili 2,500 tu kwa mwaka, kama kilomita elfu nne. Mlango huo ulisaidia Porsche 959, gari ambalo hata Bill Gates na utajiri wake alilisubiri zaidi ya miaka kumi likiwa mikononi mwa forodha.

Nusu nyingine ambayo rafiki hakuisema ni kwamba Caterham zipo Marekani, zina namba, na zinaendeshwa. Huuzwa kama vipande bila injini, mwenye gari akaweka injini mwenyewe, na kuanzia hapo suala la namba ni la jimbo. California hutoa nafasi 500 kwa mwaka kwa magari yaliyoundwa na wenyewe kwa masharti mepesi ya moshi. Majimbo mengine yana taratibu zao. Serikali kuu inamtazama mtengenezaji, jimbo linamtazama mwenye gari.

Japani haitakuhusu, ila siwezi kuipita bila kukusimulia. Kule ukaguzi hupima hata nafasi kati ya ardhi na chini ya gari: ikipungua sentimita 9 gari limeanguka mtihani. Na Caterham waliwahi kuwatengenezea Seven nyembamba yenye injini ya Suzuki ya sentimita za ujazo 660, ikaingia kwenye daraja la magari madogo kabisa yanayolipa kodi nafuu, lile lenye namba za njano. Gari la saketi limekaa daraja moja na kigari cha bibi cha kwendea sokoni, likalipa kodi sawa nacho.

Majirani zetu nawapitia haraka. Kenya, kwa kiwango chao KS 1515, haipokei gari lililotumika lililozidi miaka minane, kwa hiyo wazo la kulipitisha Mombasa na kulisajili Nairobi kwanza lifutwe. Uganda wameweka kikomo cha miaka 15 tangu 2018. Afrika Kusini hairuhusu kirahisi magari yaliyotumika kutoka nje, lakini ina kiwanda chake, Birkin, kilichounda magari ya mtindo wa Seven karibu na Durban tangu miaka ya 1980. Ndugu wa gari la kaka yako wapo barani.

Tufike nyumbani. Tanzania haina orodha ya magari ya kiwanda gani yanaruhusiwa. Tuna Sheria ya Usalama Barabarani ya 1973, Sura ya 168, inayotaka gari liwe salama na lenye vifaa vinavyotakiwa. Tuna TBS, shirika la viwango, na kiwango chake TZS 698 cha kukagua magari yaliyotumika. Na tuna TRA, ambaye ni forodha na pia ndiye mtoa kadi na namba. Kwa hiyo hapa hakuna mtu atakayekuuliza kama gari ni la mashindano. Utaulizwa kama usukani uko imara, breki zinashika sawasawa, taa zinawaka na kuelekea panapotakiwa, matairi yana kashata, honi inalia, sailensa ipo, mikanda inafunga. Katika mengi ya hayo gari la kaka yako lina bahati: usukani wake uko kulia na taa zake zimetengenezwa kwa nchi inayoendesha kushoto kama sisi. Angekuwa ananiandikia kutoka Ujerumani, taa zingekuwa jambo la kwanza.

Yapo matatu ambayo ningemwambia ayaweke sawa akiwa bado Coventry, kwa sababu vipuri vyake hapa havipo kabisa.

La kwanza ni kioo. Wengi wa wapenzi wa saketi huondoa kioo kikubwa na kuweka kipande kidogo cha kukinga upepo. Aje na kioo kamili, wipa mbili zinazofanya kazi, turubai la juu na milango yake. Mkaguzi wetu hajazoea gari lisilo na kioo, wala sioni sababu ya kumtia katika ubishi wa kanuni za Uingereza. Isitoshe vumbi la Nkuhungu mnalijua wenyewe, na kokoto moja kutoka gurudumu la fuso inatosha kumpofua mtu.

La pili ni matairi. Kuna tairi za uwanjani zilizoidhinishwa barabarani, zenye mifereji michache na ile alama ya E. Hizo ni halali lakini mvua za Januari zikishuka hapa Dodoma zitaelea juu ya maji. Na kuna tairi laini zisizo na mifereji kabisa, zimeandikwa ubavuni kwamba si za barabarani. Akija nazo zimefungwa, hapo ndipo fundi wako atakuwa amesema kweli. Afunge tairi za kawaida zenye kashata nzima, na jozi ya akiba kwenye sanduku.

La tatu ni eksozi. Kwenye Seven bomba hupita ubavuni, nje, usawa wa goti la mtu mzima na usawa wa uso wa mtoto mdogo. Gari la namna hii likisimama Nkuhungu watoto ishirini watalizunguka kabla hajazima injini. Ngao ya kuzuia joto inauzwa, haina gharama kubwa. Hili hakuna mkaguzi atakayemdai, namdai mimi. Nimeshaona mguu wa mtoto ulioungua kwa eksozi ya pikipiki, na hili ni kubwa kuliko hilo.

Ukaguzi wenyewe wa TBS umewahi kubadilishiwa mahali. Kulikuwa na wakati ulifanyika nchi gari linakotoka, na mwaka 2021 ukahamishiwa hapa baada ya gari kushuka. Kaka yako awaandikie TBS, apate jibu la maandishi kuhusu utaratibu wa mwezi atakaosafirisha, ndipo alipie meli. Asitegemee alivyofanyiwa mtu mwingine mwaka juzi.

Upande wa kodi kuna habari njema ambayo naona hamjaisikia. Sheria ya Forodha ya Afrika Mashariki ya 2004, jedwali la tano, inampa mkazi anayehamisha makazi msamaha wa ushuru kwa gari moja, mradi amelimiliki na kulitumia mwenyewe nje kwa angalau miezi 12, bila kuhesabu siku za melini. Lifike ndani ya siku 90 tangu yeye afike. Kaka yako ana miaka mingi nalo, na kadi iko kwa jina lake. Aandae ushahidi wa kuishi huko, wa kazi, wa bima za gari za miaka ya nyuma, na tiketi ya kurudi jumla, kisha aombe msamaha mapema na aulize wazi kodi zipi zinafutwa na zipi zinabaki. Msamaha usipopatikana hesabu inauma: ushuru wa forodha asilimia 25, ushuru wa bidhaa kulingana na ukubwa wa injini, ushuru wa ziada wa uchakavu ambao kwa gari la abiria lililozidi miaka kumi umekuwa asilimia 30, kisha VAT asilimia 18 juu ya yote, na tozo nyingine ndogondogo. Bajeti ya Juni hubadilisha viwango, kwa hiyo hesabu ifanywe upya wakati wake. Na akilipata kwa msamaha asiliuze kienyeji kesho yake. Atakayelinunua atakutana na kodi iliyosamehewa.

Hapa lazima nisimulie jambo, maana linaniuma hadi leo. Miaka kadhaa iliyopita niliitwa kuangalia gari dogo la jamii hiyohiyo lililokuwa limefungiwa kwenye ghala. Mwenyewe alishauriwa na wakala mmoja wa forodha alitenganishe: injini sanduku moja, fremu sanduku jingine, magurudumu la tatu, na nyaraka zote ziandikwe vipuri ili kodi ipungue. Kodi ilipungua kweli. Akaliunganisha vizuri kabisa, kazi safi, nami nililikagua bila kukuta kasoro ya kuzungumzia. Lakini alipokwenda kuomba namba, serikali haikuwa na kumbukumbu ya gari lolote kuingia nchini. Vipuri haviandikishwi. Kulirekebisha ikawa kesi ya kutamka uongo forodhani. Kijana yule alikuwa ameweka akiba miaka sita. Mtu yeyote akimwambia kaka yako alivunje gari lake ili liingie kama vipande, kwa sababu eti liliuzwa vipande, amkatalie hapohapo. Kwa Uingereza lilikoma kuwa vipande siku lilipopata cheti mwaka 2014.

Na nyaraka zisome kitu kimoja. Namba ya chasisi, ile yenye herufi na tarakimu 17, iwe ileile kwenye kadi, kwenye cheti, kwenye hati ya meli na kwenye chuma chenyewe. Magari yaliyoundwa nyumbani hukosewa hapa mara nyingi, herufi moja inatosha kulilaza gari bandarini wiki nzima. Namba ya injini nayo: kama aliwahi kubadili injini, kadi ya Uingereza isahihishwe kabla hajaondoka.

Namba za njano zikishapatikana bado kuna bima, maana hata ile ndogo ni ya lazima. Kwa gari asiloweza kulipata tena ningeshauri bima kubwa, lakini aombe thamani ikubaliwe kwa maandishi mwanzoni, maana mkadiriaji hana Caterham ya pili ya kulinganisha nayo. Mtungi wa kuzimia moto na zile pembetatu mbili havina nafasi kwenye buti ya gari hilo, ila atafute pa kuvifunga. Trafiki wa Kibaigwa ataviulizia.

Nimefika kwenye barabara. Mwalimu, usimruhusu alitoe Dar es Salaam kwa kuliendesha. Ni kama kilomita 450, na kuanzia Morogoro anakuwa katikati ya malori ya Rwanda, Burundi na Kongo. Seven ina uzito wa kilo mia tano na kitu. Kichwa cha dereva kiko karibu usawa wa ukingo wa juu wa tairi la semi, na dereva wa lori akitazama kioo chake cha pembeni hamwoni kabisa. Hakuna sheria itakayomzuia, wala hakuna mfuko wa hewa utakaomwokoa. Kisha kuna matuta. Gairo, Kibaigwa, Mbande, Chamwino, kila kijiji na yake, mengine makali kama ukuta, na sampo ya gari hilo, yaani bakuli la oili chini ya injini, iko juu ya lami kwa nafasi ya kiganja. Ikipasuka, oili inamwagika na injini inajifunga kabla hajagundua. Alipakie kwenye lori la kubebea magari mpaka Dodoma.

Akishafika, shokapu za Seven nyingi zina nati ya kupandisha na kushusha. Apandishe mpaka mwisho wa kinachoruhusiwa, afunge bamba la chuma chini ya sampo, na abadilishe chujio la hewa kwa lile la vumbi zito. Mitaa ya kokoto ya Nkuhungu aipite pole, au alilaze gari kwa ndugu anayekaa kando ya lami, Area D au Kisasa. Rangi nayo ina maana: kama gari ni la kijivu, abandike mstari mpana wa njano au chungwa na aweke kibendera kirefu nyuma, kama zile za magari ya migodini. Litapunguza uzuri kidogo. Dereva wa basi ataliona.

Kuna jambo la mwisho, nalo ni zito kwangu. Hatuna uwanja wa kudumu wa mbio za lami hapa nchini wa kiwango cha Kyalami kule Afrika Kusini. Kaka yako amezoea kumaliza hamu yake uwanjani siku ya Jumamosi, na hapa Jumamosi itamkuta hana pa kwenda. Barabara ya mzunguko wa nje ya Dodoma, kilomita 112, njia nne, lami mpya, itamwita. Nimeona vijana wakiitikia mwito huo usiku, na nimeitwa kupima yaliyobaki asubuhi. Ile ni barabara ya watu, wanavuka na ng'ombe, wanavuka na baiskeli zisizo na taa, na kwenye makazi kikomo ni kilomita 50 kwa saa. Ajiunge na watu wa rali kupitia Chama cha Magari Tanzania, AAT. Wao hufunga njia kwa kibali, huweka gari la wagonjwa na wazima moto, na mtu anayejua kuunda gari kwa mikono yake watampokea kwa furaha hata kama Seven yake haifai kwa changarawe.

Kwa wiki hii, basi, akusanye cheti cha 2014, kadi, cheti cha mwisho cha MOT (ule ukaguzi wa kila mwaka wa Uingereza), picha za gari pande zote nne na ya chini, na picha ya namba ya chasisi inayosomeka. Akishavipata anitumie kabla hajawaandikia TBS, nitavipitia, na pale ambapo gari litasumbua nitamwambia angali na karakana yake Coventry.